Maji ya Kunawa

Kwetu, mtu akishapigwa alimpelekea aliyempiga maji ya kunawa. Ndivyo baba alivyotulea. Ukishachapwa unafuta makamasi, unachukua bakuli, unachota maji, unapiga magoti mbele yake na kusema shikamoo. Yeye ananawa mikono taratibu, kama mtu aliyemaliza kula ugali, halafu anaitikia marahaba. Akishaitikia, kesi imefungwa. Hakuna ruhusa ya kununa, hakuna kumsimulia jirani, hakuna kwenda kumlilia mama chumbani. Ukithubutu kuifufua unapigwa upya, na maji unapeleka upya.

Nimeanza na hilo kwa sababu watu wakiniuliza habari za utoto wangu huwa nawasimulia safari zetu za ziwani. Wanacheka, wananiambia nilikuwa na bahati, wao walikua wanaliona ziwa kwa mbali tu. Bahati! Asikudanganye mtu. Safari zilikuwepo, na nilizipenda kwa moyo wangu wote, hilo sikatai. Ila damu nayo ilikuwepo, na siku hizi nimechoka kuiruka ninaposimulia.

Baba alikuwa fundi mitumbwi pale Igogo. Mkono wake ulikuwa mgumu kama mbao alizozipiga randa, tena ulikuwa mwepesi. Chumvi ikizidi, kofi. Mlango ukibamizwa na upepo, kofi, utadhani upepo nimeuzaa mimi. Ukitaka kujua kosa lako ni nini alikuwa na jibu moja tu: "Samaki mkunje angali mbichi." Nilitamani kumwambia kwamba kamongo hukunjika hata akiwa mkavu, lakini nani angethubutu? Ningekunjwa mimi.

Siku za mapumziko alitubeba wote, mama, kaka yangu na mimi, tukapanda kivuko cha kwenda ng'ambo, upande wa Sengerema. Tukishuka tulitembea kwa miguu mpaka ufukwe mmoja wenye matete upande huu na mchanga upande ule. Mchanga wenyewe nusu ni maganda ya konokono, meupe, yamerundikwa na mawimbi. Mama na mimi tuliyazoa kwa ungo, tukayasuuza, tukajaza magunia ya kuwapelekea wasagaji wa chakula cha kuku. Kuku asipopata konokono gamba la yai lake huwa laini, litakuvunjikia mkononi. Baba na kaka walivua kamongo. Kazi hizo mbili zilikwenda pamoja, maana kamongo anakula konokono, anamtafuna na nyumba yake, unasikia kra, kra ndani ya matete. Baba alitazama mahali maganda yamesagika zaidi, akatupa ndoano papo hapo.

Kwa asiyemjua, kamongo ni samaki mrefu mnene mfano wa nyoka, na ana mapafu. Ukimtoa majini asubuhi, jioni bado anapumua, amejilaza kimya anakusikiliza. Na meno yake yale ya kusaga konokono hayachagui konokono na kidole. Kwa hiyo baba alikuwa na sheria: rungu mara tatu katikati ya macho, halafu panga nyuma ya kichwa mpaka kichwa kiachane na mwili. Hata uone ametulia namna gani, hata awe ametoa ulimi. "Kamongo hafi, anazimia," alisema. Mama hakumwonja maisha yake yote. Alisema hawezi kula kitu kinachokufa mara mbili.

Siku hizo za ufukweni baba hakumpiga mtu. Alikuwa na wa kumpiga. Nilikuwa nikikaa juu ya gunia langu namtazama anavyomshukia kamongo na rungu, paa, paa, paa, mishipa imemtoka shingoni, damu inamrukia kwenye ndevu, na najua leo mgongo wangu umepona. Nilimpenda sana siku hizo. Ndiyo aibu yangu hiyo, nimeisema. Alikuwa akiimba. Alikuwa akimtania mama kwamba kamongo ana mdomo kama wa mama mkwe wake, na mama anacheka hadi anashika kiuno.

Isipokuwa siku ya kaka. Kaka alikuwa na miaka kumi na miwili, siku hiyo kapewa kamongo ammalize mwenyewe. Akapiga rungu zake tatu vizuri, ila kwenye panga akafanya uvivu, akamtumbukiza mzima ndani ya gunia. Tuko katikati ya ziwa, kivuko kimejaa watu, gunia likaanza kutembea. Kamongo akachomoka, akapita katikati ya miguu ya abiria. Wanawake walipanda juu ya mizigo, trei za mayai zikaenda chini, mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akaamka akidhani tunazama. Watu walicheka baadaye, lakini baba hakucheka. Alimuua kamongo kwa kisigino na panga, palepale kwenye chuma, akatembea moja kwa moja hadi alipo kaka. Alimpiga kwa ubapa wa kafi. Alimpiga mpaka jino likatoka, nililiona likidunda na kudumbukia ziwani. Kivuko kizima kiliangalia pembeni, maana mtoto ni wake. Kisha kaka, mdomo umejaa damu, akaomba kopo kwa mama mmoja muuza uji, akachota maji kwenye ndoo, akapiga magoti kwenye chuma chenye magamba na viini vya mayai. "Shikamoo baba." Baba akanawa. "Marahaba."

Kaka anaishi Geita sasa. Alipoondoka hakuaga, na hata msiba wa mama alikuja akazika, akarudi siku hiyohiyo.

Mimi nilibaki. Nafuga kuku wa mayai, nina kibanda cha chakula cha kuku Mabatini, na nina binti mmoja. Siku aliyozaliwa, nimemshika hata kitovu hakijakauka, niliapa. Niliapa kwa jina la Mungu na baadaye nikarudia kwenye kaburi la mama: mtoto huyu hatapigwa. Siyo na mwalimu, siyo na jirani, siyo na mimi. Majirani walinicheka. "Unamlea kama yai," wakasema. Nikawajibu yai ndilo linanilisha, sasa nililee namna gani? Shuleni nilikwenda mwenyewe, nikaongea kwa sauti ambayo mwalimu mkuu hataisahau. Kila kitu kingine maishani mwangu kinaweza kuharibika, nilijiambia, lakini hili moja sitaliharibu.

Mama alipofariki baba alilainika, au hivyo ndivyo nilivyoona. Meno yalimwisha, akawa anatafuna karanga kwa ufizi. Aliniomba mjukuu awe anakwenda kwake Jumamosi, wakavue vidagaa vya kuchezea pale Igogo wakati mimi niko kibandani. Nilimkazia macho. "Baba, huyu hapigwi." Akacheka. "Mayu, mama yangu, mimi na mikono hii nina nguvu za kumpiga nani?" Akanionyesha viganja vyake, vinatetemeka. Nikaamini. Jamani, mtu mzima na akili zangu nikaamini.

Mwaka mzima Jumamosi zote binti yangu alishinda kwa babu yake. Alirudi mtulivu, anaosha vyombo bila kutumwa, anainama akiwapita wakubwa. Nilijisifu kwa wateja wangu kwamba babu anamfunza adabu. Mara moja nilinyoosha mkono kuchukua chumvi juu ya kabati, akafumba macho na kuinamisha kichwa. Nikamuuliza, "Umeingiwa na vumbi?" Akasema ndiyo. Basi, nikaendelea kukoroga mboga.

Likizo iliyopita, binti yangu ana miaka tisa, nikasema niwapeleke kulekule ng'ambo, wote wawili. Nilitaka aone nilichokipenda. Upepo ulikuwa mkali tangu asubuhi, kivuko kinapigwa ubavuni, maji yanaruka mpaka kwenye viti. Baba alikaa mbele, rungu lake la zamani mapajani, anafurahi kama bwana harusi. Ufukwe tuliukuta vilevile, ila mawimbi yalikuwa yakishuka kwa hasira, yanabeba maganda na kuyabwaga tena kwa kishindo. Nilitandika kanga, nikaanza kuzoa. Binti yangu alinisaidia kidogo na bakuli la plastiki, kisha akamfuata babu yake kwenye matete.

Haukupita muda mrefu nikasikia baba anapiga kelele. Nikakimbia. Kamongo mkubwa kuliko yeyote niliyewahi kumwona alikuwa amejifunga kwenye kamba, anajinyonga, anazungusha tope lote. Baba alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, anavutwa. Niliingia na nguo zangu, tukamshika wawili, mkia wake ukanipiga tumboni nikakosa pumzi. Tulimburuta hadi mchangani, baba akashika rungu. Paa. Akapumzika. Paa. Akapumzika tena, anahema kama mvukuto wa mhunzi. Paa. Kamongo akatulia. Baba akampa binti yangu panga. "Malizia kichwa, mpaka mfupa ulie." Nilitaka kusema mtoto ni mdogo, lakini wimbi lilikuwa linabeba ungo wangu, nikakimbilia ungo. Ndivyo ilivyokuwa. Nilikimbilia ungo.

Niliporudi na gunia langu limejaa, baba alikuwa amejilaza chali macho kayafumba, anavuta pumzi, na binti yangu kakaa kando ya gunia la kamongo, ameshalifunga. "Njoo uone nyama," baba akaniita, kicheko kimemjaa. Akafungua gunia, akatumbukiza mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko amtoe kwa mashavu.

Sauti aliyoitoa sijawahi kuisikia kwa mtu. Alirudisha mkono na kamongo akaja nao, ananing'inia, meno yamefungwa kwenye vidole viwili, na anajizungusha kama anavyojizungusha kwenye kamba. Shingoni ana mkwaruzo mmoja tu wa panga. Damu ilimwagika juu ya maganda meupe, nyingi, na nikasikia ile kra ya utotoni, ila safari hii haikuwa ya konokono. Na nitasema kila kitu, maana nimeapa kutoruka tena: kabla sijasogea, kwa muda wa kupepesa jicho, moyo wangu ulisema, kula, kamongo, kula. Ndipo nikaokota rungu.

Nilipiga. Nilimpiga kamongo kwenye kichwa, kwenye macho, nikapiga mpaka taya likalegea na baba akaanguka kwa makalio, kidole cha shahada kimekatika kwenye kiungo, kingine kimesagika. Nikaendelea kupiga. Kamongo alikuwa ameshakufa mara mbili na mara ya tatu, na mimi bado napiga, napiga siku ya jino la kaka, napiga ule mlango wa upepo. Rungu liliteleza kwa damu nikalihamishia mkono wa kushoto.

"Nani kamwingiza mzima?" nikapiga kelele. "Nani?"

"Mimi," binti yangu akasema. "Nilimwonea huruma."

Nilimpiga kofi. Nikampiga la pili. La tatu lilimwangusha kwenye mchanga, na nilikuwa nimeshanyanyua mkono wa kushoto, ule wenye rungu, ndipo nikauona. Niliuona ukiwa juu ya kichwa changu, mkono wangu mwenyewe, na mkono ule niliujua. Nikaliachia rungu likaanguka nyuma yangu.

Binti yangu hakulia. Hicho ndicho kilinitisha kuliko yote. Mtoto ambaye hajawahi kupigwa hata kwa ufito, mtoto wa yai, anaangushwa na mama yake, halafu halii? Alisimama. Akajipangusa mchanga magotini. Akaokota lile bakuli la plastiki, akamwaga maganda yaliyokuwemo, akatembea hadi kwenye mawimbi. Nilimtazama tu, nadhani anakwenda kujiosha uso. Akachota. Akarudi ameshika bakuli kwa mikono miwili, polepole, maji yasimwagike. Akapiga magoti mbele yangu.

"Shikamoo mama."

Sikuwahi kumfundisha. Naapa, sikuwahi hata kumsimulia. Lile ni jambo nililolizika siku ileile tuliyomzika mama. Na nyuma yangu, kutoka pale alipokaa ameukumbatia mkono wake unaovuja damu, bila kufikiri, bila hata kuinua kichwa, baba akaitikia.

"Marahaba."

Ilimtoka tu, kama mtu anavyosema "karibu" akisikia hodi. Niligeuka. Alikuwa ameshajisikia mwenyewe, na macho yake yalikimbia, yakaenda ziwani yakabaki huko.

"Hukusalimiwa wewe," nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Baba. Tangu lini?"

Aliyejibu ni binti yangu, palepale kwenye magoti yake, mikono imeanza kuchoka na bakuli linatikisika. Alinisihi, kama mimi ndiye mtoto nisiyeelewa mchezo unavyochezwa. "Nawa mama. Babu alisema ukinawa yanaisha."

Nilichukua bakuli, nikamwaga maji yote mchangani. Nilimnyanyua mwanangu, nikampigia magoti mimi, nikamwambia nimekosa, na kwamba hapakuwa na kosa lolote alilolifanya, kumhurumia kiumbe siyo kosa. Alinitazama kwa wasiwasi, kwa sababu hilo halikuwemo kwenye utaratibu. Kisha nikachana kanga yangu nikamfunga baba vidole, nikakaza kwa nguvu, yeye anasaga ufizi. Sikumfunga kwa upendo, wala kwa chuki. Damu ilikuwa inatoka, ikabidi izuiwe. Kamongo tulimwacha. Maganda nayo tuliyaacha, gunia zima, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Kwenye kivuko baba alikaa kwenye kiti cha mbele yetu, ametupa mgongo. Ulikuwa mgongo wa mzee, shati limelowa, mfupa wa bega unaonekana. Abiria walimwonea huruma, mmoja akampa dawa ya maumivu, mwingine akampisha pembeni mahali pasipo na upepo. Pole mzee, pole sana mzee. Ziwa lilikuwa bado limechafuka, kivuko kinapanda na kushuka, na mimi nimekaa na binti yangu, shavu lake limevimba, vidole vyangu vinahesabika pale. Wanawake wawili walikiona kile kivimbe, wakaniona na mimi, wakaangalia pembeni. Mtoto ni wangu.

Binti yangu alikuwa anaitazama mikono yangu. Damu ya kamongo na damu ya baba zilikuwa zimekauka hadi kwenye vifundo.

"Mama, bado hujanawa."

"Bado."

"Utanawa lini?"

Ndoo ya maji ilikuwepo, hatua mbili tu kutoka tulipokaa. "Ukishaniambia yote," nikasema. "Na ya leo, niliyokupiga mimi, iwemo. Hayaishi mpaka useme yote, na hakuna atakayekugusa."

Akamtazama babu yake. Ule mgongo haukugeuka, lakini niliona shingo imekakamaa, nikajua anasikia. Binti yangu akasogea karibu yangu, siyo karibu sana, akaweka mikono yake katikati ya mapaja. Akaanza na Jumamosi ya kwanza, ya kikombe kilichovunjika. Alisimulia kwa mpangilio, bila kulia, kila Jumamosi na kosa lake, kila kosa na kilichotumika. Nilikuwa nimefikiri itakuwa moja, au mbili.

Kivuko kilipofunga upande wa mjini, alikuwa bado hajamaliza.